Mama Mkwe Kwenye Sanduku la Mashine

Ipo safari moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata nisipotaka, na kila nikiikumbuka kichwa kinaniuma upya. Juzi uliponipigia simu kunilalamikia wageni wako, yote yakanirudia, kuanzia moshi wa dizeli mpaka sauti ya mjomba Shomari, Mungu amrehemu, ingawa kwa aliyonifanyia rehema hiyo huwa naitamka polepole.

Umesema wakwe zako wamekuja kutoka Dar, umewapakia kwenye boti yako mpya ya faiba uwatembeze vijiji vyetu vya delta, na sasa hujui hata wanataka nini. Mama mkwe hasemi. Kaka yake ndiye anayesema kwa niaba ya wote: mara dada amechoka, mara dada anataka samaki wa kuchoma, mara dada hataki kuondoka. Nawe kwa adabu zako umenyamaza, unasaga meno, kisha unanipigia simu mimi. Mimi nifanye nini? Nipo Kibiti, miguu imevimba, na simu yenyewe inakatika kila mkiingia nyuma ya mikoko. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia. Mkifika penye mtandao utasoma, na usome mpaka mwisho, si kama unavyosoma ujumbe wa kundi la familia.

Wakati huo nilikuwa kijana. Nilikuwa na boti ya mbao, mashine ya dizeli imekaa nyuma kidogo ya katikati, imefunikwa sanduku la bati na mbao. Kazi yangu ilikuwa kubeba unga, sukari na soda za wenye maduka kutoka Nyamisati kupeleka vijijini. Nilikuwa nimemwoa Zainabu, binti wa Umwe, watu wa mpunga na mahindi. Sasa mama yake Zainabu, Bi Mwajuma, alikuwa na dada yake mkubwa aliyeolewa Kiongoroni tangu usichana, karibu kabisa na bahari. Huyo dada, Bi Mwanahawa, akaugua. Zainabu akatangulia kwenda kumuuguza, na haikupita muda akatuma neno kwa abiria: mama aje, na aje upesi. Wa kumleta nilikuwa mimi.

Hapo ndipo adha ilipoanza, kwa sababu huyo ni mama mkwe, na unajua mama mkwe kwetu ni nani. Hapewi mkono. Huli naye sahani moja. Usoni hatazamwi. Ukimwona anakuja njiani unachepuka vichakani, hata kama huko vichakani kuna siafu, na ukiwa na neno lake unampa mtu wa tatu alipeleke. Nchi kavu mambo hayo yanawezekana, maana kuna vichaka, kuna ua, kuna mlango wa nyuma. Niambie wewe, kwenye boti utachepukia wapi? Mimi niko nyuma nimeshika usukani, yeye yuko hatua chache mbele yangu, na kote kuzunguka ni maji na mikoko.

Basi akaja na mtu wa tatu wake, mdogo wake wa kiume, ndiye huyo mjomba Shomari. Alishuka kwenye gari Nyamisati amevaa kanzu iliyopigwa pasi, mkononi radio, kwapani mto wa kulalia. Mto, mwanangu! Mtu anakwenda kumwona dada yake mgonjwa, amebeba mto. Akanishika bega akaniambia, "Mkwe, usiwe na wasiwasi. Neno lako nipe mimi, la dada nitakuletea mimi. Wewe endesha tu."

Nilimshukuru. Nilimshukuru kweli kabisa, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Neno langu la kwanza lilikuwa jepesi. Mbele ya boti nilifunga turubai, chini yake nikatandika jamvi jipya, kivuli kizuri na upepo unapita. Nikasema, "Mjomba, mwambie mama akae kule mbele." Mjomba akaenda, wakanong'ona, kisha namwona mama mkwe anakaa juu ya sanduku la mashine, amenipa mgongo, khanga ameivuta mpaka usoni. Mjomba akarudi akaniambia, "Dada anasema hapo katikati ndipo anapopapenda." Halafu yeye mwenyewe akaenda mbele, akaweka mto wake kwenye jamvi langu, akafungua radio.

Nikajiambia haya, labda mama anaogopa kukaa mbele. Lakini unalijua sanduku la mashine. Likishapata moto unaweza kupasha juu yake chai. Na moshi ukigeuka na upepo, aliyekaa pale anakohoa mpaka machozi. Yeye akakaa tu, anakohoa ndani ya khanga, nami nyuma yake nakereka: kwa nini huyu mama hahami? Maji ya kunywa nayo hakuyagusa. Mtungi ulikuwa palepale miguuni mwake, jua kali, hakunywa hata tone. Nikadhani amefunga sunna, nikamsifu kimoyomoyo kwa ucha Mungu wake huku namlaumu kwa ukaidi wake.

Tulipofika Salale, mjomba akainuka na kunyoosha mikono. "Mkwe, dada amechoka. Anaomba tulale hapa." Jua lilikuwa bado juu na maji yalikuwa mazuri, yamejaa mpaka kwenye mizizi ya juu ya mikoko. Nikasema moyoni, mgonjwa je? Lakini mgonjwa ni wa kwake, dada yake mwenyewe, mimi nani nimwambie usichoke? Nikafunga kamba. Mjomba alikuwa na rafiki yake pale, akachinjiwa kuku, ukapikwa wali wa nazi. Nilipewa sahani yangu nikala pembeni, na hata ule wali sikuusikia utamu wake.

Asubuhi yake mjomba akaja tena. Dada anasema si adabu kuondoka kabla wenyeji hawajatupa chakula cha mchana. Tukakaa. Maji yakajaa, yakapwa, na sisi tunangoja pilau. Tukafika Maparoni jioni, na pale tena dada anataka kusalimia jamaa fulani, dada anataka kuona majamvi, dada anasema yale mekundu yamekaa vizuri zaidi. Majamvi akabeba mjomba. Nilikuwa nimefura kama andazi. Usiku nalala chini ya turubai langu najisemea peke yangu: mwanamke gani huyu, dada yake yuko kitandani, yeye anachagua majamvi? Nikaanza hata kumwangalia Zainabu kwa jicho jingine, na Zainabu wa watu hayupo, yuko Kiongoroni anafua mashuka ya mgonjwa.

Tulipoondoka Maparoni tulikuwa tumeshachelewa, maana mjomba alikuwa anaoga. Nikakata njia ya mkato kwenye kijito chembamba, nikitumaini maji yatanisubiri. Hayakunisubiri. Katikati ya kijito nikasikia chini kunakwaruza, boti ikapunguza mwendo yenyewe, ikakaa kwenye tope. Nikazima mashine. Kimya kikaja, na mbu wakaja nacho.

Mbele yetu, si mbali, niliona mkondo wenye kina, maji yake meusi yanazunguka. Tungeusogeza ule mkia wa boti kidogo tu wakati maji hayajaisha, tungetoka. Tukichelewa, tungekaa pale juani mpaka maji yarudi, na Kiongoroni tungeiona kesho. Nikachukua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, nikasukuma mpaka mishipa ikanisimama shingoni. Nyuma kulikuwa kuzito. Ilibidi uzito wote uende mbele, na uzito wenyewe ni mama mkwe aliyekaa juu ya sanduku.

"Mjomba!" nikaita. "Mjomba Shomari!" Mjomba alikuwa chini ya turubai na kichwa kiko kwenye mto. Alikoroma. Nikaita tena, nikagonga ubavu wa boti kwa upondo. Akageuka upande wa pili.

Basi nikafanya lile ambalo wazee wetu waliliachia mlango mdogo mtu akibanwa sana: kuusemesha mti ili mkwe asikie. Niligeukia mikoko. Usicheke. Nikachagua mkoko mmoja, nikauambia kwa sauti, "Jamani, kama kuna mtu amekaa juu ya mashine, mtu huyo angesogea mbele, boti ingetoka."

Mama mkwe akatafuta mkoko wake upande wa pili. "Mtu huyo," akauambia, "alikalishwa hapa na nahodha mwenyewe."

Nikashangaa. Nikaurudia mkoko wangu. "Nahodha alisema mtu akae mbele, kwenye jamvi, kivulini."

"Mtu aliambiwa nahodha amesema akae hapa, boti isije ikalala upande."

"Nahodha aliambiwa mtu mwenyewe amepapenda."

"Amepapenda?" Sauti yake ikapanda hata ndege wakaruka kutoka kwenye ule mkoko. "Nani anapenda kukaangwa?"

Nikauliza, bado naongea na mti kama mwendawazimu, "Na Salale je? Si mtu ndiye aliyechoka?"

"Mtu hakuchoka. Mtu aliambiwa nahodha anasema maji yamekataa."

"Maji yalikuwa yamejaa pomoni!"

"Na pilau? Si nahodha ndiye aliyetaka pilau?"

Wote wawili tukageuka tukaitazama ile miguu iliyotokeza chini ya turubai, soksi nyeupe, moja ina tundu kwenye kidole gumba. Radio ilikuwa inatangaza mpira.

Ndipo mama mkwe akageuka. Aligeuka mwili mzima, akashusha khanga usoni, akanitazama. Tangu nimwoe binti yake sikuwahi kuliona jicho lake. Lilikuwa jekundu kwa moshi. Nikainamisha kichwa, akasema, "Inua uso, mkwe. Nasema na wewe."

Nikainua.

"Mimi sikutoka Umwe kuja kula wali wa watu. Nimekuja kumwona dada yangu kabla hajaondoka. Siku zote hizi nimekaa juu ya moto huu nikisema moyoni, mume wa mwanangu ni mtu wa namna gani, mgonjwa yuko kitandani yeye anasimama kila kijiji kula? Nimekulaani, mkwe wangu. Maji sinywi, naogopa nikibanwa nitamwambia nani asimamishe boti. Wewe ndiye nahodha. Kwa nini hukuniuliza mwenyewe?"

Nikasema, "Mama, nilikuwa nakuheshimu."

"Na mimi nilikuwa nakuheshimu wewe," akasema. "Haya, tumeheshimiana. Dada yangu anakufa."

Akauliza maji ni kiasi gani chini. Nikamwambia yanafika magotini na yanaondoka. Akafunga khanga kibwebwe, akapandisha gauni, akashuka kwenye tope kabla sijasema lolote. Mwanamke amelima mpunga bondeni maisha yake yote, tope halimtishi. Nikashuka na mimi. Tukaweka mabega kwenye mkia wa boti, mkwe na mkwe wake, bega kwa bega, tope mapajani, tunahesabu pamoja na kusukuma.

Boti ilipoanza kutikisika ndipo mheshimiwa akaamka. Akachungulia nyuma, akatuona, akashika kichwa. "Lahaula! Mkwe na mkwe kwenye tope moja? Miguu nje? Haya hayajatokea kwenye ukoo wetu! Watu watasema nini?"

Watu gani? Palikuwa na kaa tu pale.

Mama mkwe hakupaza sauti. "Shomari, shuka usukume."

"Mimi, dada? Na kanzu hii?"

"Shuka."

Alishuka. Alishuka na kanzu na soksi zake. Watu watatu tukasukuma, mkia ukanyanyuka, boti ikateleza mpaka kwenye mkondo, tukaparamia ndani tukiwa tunachuruzika matope. Nikawasha mashine. Mama mkwe akaenda mbele, akausogeza ule mto pembeni kwa mguu, akakaa kwenye jamvi. Kisha akaniita kwa kinywa chake, "Mkwe, nipe maji." Alikunywa kata nzima, akapumua, akaomba nyingine. Hatukusimama popote, isipokuwa mara moja alipotaka mwenyewe, akasema, nikasimamisha, yakaisha. Ndivyo mambo yalivyokuwa mepesi.

Zainabu alikuwa pwani ya Kiongoroni anatungoja. Alipotuona mama yake na mumewe tumepakwa tope la namna moja, alijiziba mdomo. Mama hakumpa nafasi ya kuuliza. Akapiga kelele boti haijagusa mchanga, "Yupo?"

"Yupo, mama."

Bi Mwanahawa alikuwa amelala kitanda cha kamba, amekonda, macho tu ndiyo yamebaki makubwa. Mimi nilisimama mlangoni, mjomba nyuma yangu. Mama mkwe akapiga magoti na tope lake, akamshika mkono. Mgonjwa akamtazama, akasema taratibu, "Mwajuma. Nilidhani umeamua usije."

Nilijua kitakachofuata. Nilijua atamgeukia mdogo wake, amseme mbele ya watu wote, na nilitaka amseme, Mungu anisamehe, nilikuwa nimejiandaa kusikia. Lakini Bi Mwajuma akamfuta dada yake jasho, akasema, "Maji yalikataa, dada."

Mjomba Shomari akausikia uongo wake mwenyewe, safari hii unatoka kinywani mwa dada yake. Alitoka nje. Nilipomfuata nilimkuta ameketi kwenye kile kifurushi cha majamvi, analia kama mtoto, na kwa mara ya kwanza sikuwa na hasira naye, nilichoka tu.

Wale dada wawili walizungumza mchana ule mpaka jua lilipozama. Walicheka pia, tuliwasikia. Alfajiri Bi Mwanahawa akafariki. Walipata mchana mmoja, mwanangu, na wangeweza kupata zaidi. Siku zao nyingine tuliziacha Salale na Maparoni, kwenye sahani.

Tuliporudi, baada ya matanga, sikumwambia mtu akae wapi. Mama mkwe alikwenda mbele na Zainabu wake. Mjomba alisimama kidogo, akatazama turubai, akatazama mashine, kisha akaenda akakaa juu ya sanduku. Nikamwambia, "Mjomba, hapo pana moto." Akasema anajua. Alikaa hapo mpaka Nyamisati, hakufungua radio.

Sasa wewe. Usinielewe vibaya, sisemi uwavunjie wakwe zako adabu, wala usiende kumkodolea macho mama wa watu. Kichwa kiinamishe, sauti ishushe, kaa mbali inavyotakiwa. Lakini neno lako lipeleke mwenyewe. Mgeni akipanda kwenye chombo chako, mwonyeshe kwa mkono wako pa kukaa, mwambie kwa kinywa chako maji ya kunywa yako wapi, mnaondoka wakati gani na kwa nini, na akibanwa aseme tu. Muulize amekuja kutafuta nini. Usikubali mtu mwingine akubebee heshima yako, maana hujui anaifikisha wapi na ikiwa imekuwaje. Na siku ukiwa mgeni wewe, sema shida yako. Usikae juu ya moto umenyamaza halafu ukamlaani mwenyeji wako moyoni.

Unasema mama mkwe wako hasemi. Mimi sijui ana nini moyoni, na wewe hujui, na huyo kaka yake mwenye maneno mengi simwamini, uniwie radhi. Zima mashine. Chukua kikombe cha maji, umpelekee mwenyewe kwa mikono miwili, umuulize, "Mama, tukupeleke wapi?" Kisha nyamaza umsikilize.

Mungu akupe maji yaliyojaa na njia isiyo na tope. Akuhifadhie wageni wako, akurudishe nao salama, na kila aliyepanda kwenye boti yako amkute hai yule aliyemfuata. Amin. Nenda sasa, kabla maji hayajapwa.